Siku Nilipopelekwa Kwenye Kaburi Langu

Mlioniacha Jumapili iliyopita nimeshikilia fremu ya mlango wa ofisi ya Baba Huruma, njooni mnikute palepale. Sijasogea hata hatua moja. 

Kwa asiyenijua nitasema kwa ufupi, maana aibu yangu haina haja ya kurefushwa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kike, miaka saba. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi. Akaipata, pamoja na mke. Mimi nikasoma masomo ya jioni, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni na daftari pajani, nikaapa kwamba Chiriku atasoma mchana kama watoto wa watu.

Shule ya kueleweka pande zetu ni moja tu, nayo ni ya kituo cha yatima. Kituo ni cha Baba Huruma. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wengine husubiri wapewe.

Nilipompelekea mwanangu, alimsikiliza akihesabu mpaka mia, akamsikiliza akiimba, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mtoto safi kabisa huyu. Ana kasoro moja tu."

"Kasoro gani, Baba?"

"Wewe."

Basi nikafa. Kwenye karatasi. Kalamu ilikuwa yake, saini ikawa yangu, na tangu siku hiyo mimi ni shangazi wa mtoto niliyemzaa. Niliomba angalau niwe mama mdogo. Akakataa katakata.

"Mama mdogo bado ni mama. Mfadhili akisikia neno mama, moyo wake unapoa. Kuwa shangazi. Shangazi hana uzito."

Na kwa kuwa nina mwandiko, akanipa kazi: kuandika barua za watoto kwa wafadhili wao. Watoto thelathini, barua thelathini, kila baada ya miezi mitatu. Naandika kwa mkono wa kushoto ili herufi ziyumbe kitoto. Nachora jua lenye meno na kuku mwenye miguu mitatu. Pale kituoni hawaniiti kwa jina langu. Wananiita Mwandishi.

Ishirini na tisa kati ya watoto hao ni yatima wa kweli, wa kuzikwa wazazi kweli. Wa thelathini ni wangu.

Haya, sasa turudi mlangoni.

Baba Huruma alikuwa ameishika ile barua ya mfadhili kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Mfadhili wa Chiriku anakuja Ijumaa," alirudia. "Mkunga mstaafu. Anasema barua za mtoto zimemliza. Anasema hawezi kufa kabla hajaweka maua kwenye kaburi la mama yake."

"Kaburi gani?"

"Lako."

"Baba, mimi sina kaburi."

Akanitazama kwa dharau ya mtu mwenye shughuli nyingi. "Hilo ni tatizo la siku mbili. Fundi yupo, saruji ipo. Tatizo langu ni wewe. Nani alikutuma uandike vizuri hivyo?"

Niliona haya kukiri kwamba nilifurahi. Katika masomo yote ya jioni hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia naandika vizuri. Nikavimba kichwa hapohapo mlangoni, marehemu mimi.

Na kweli, barua za Chiriku nilizipendelea. Za wenzake niliandika salamu, mvua, mtihani na asante kwa sare. Ya mwanangu nilikuwa naiandika nikilia. Nilieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimsuka nywele huku akimfundisha kusoma. Nilieleza jinsi alivyokufa, nikajifanya nimekufa kwa upole, nikiwa nimemshika mkono. Nani asingelia? Nililia mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba ni uongo.

"Kuliko kujenga kaburi," nikasema, "bora tumwambie ukweli. Labda ataelewa."

Baba Huruma akacheka kwa pua. "Mwambie. Mwambie mmoja ni wa uongo, uone kama kuna atakayewaamini hao wengine. Wafadhili wote watajitoa kabla ya mwisho wa mwezi. Watoto ishirini na tisa watarudi kulala kwenye sakafu za jamaa wasiowataka, bila shule. Nenda, fungua mdomo. Mimi nitawaambia watoto ni nani wa kumshukuru."

Nikafunga mdomo. Mtaona jinsi nilivyokuja kuufungua siku isiyofaa.

*

Kabla sijafika kwenye kaburi, niwaeleze mchezo wetu, mimi na Chiriku. Nausema kwa sababu nimeahidi katika hadithi hii sitajipaka mafuta.

Kila asubuhi tulipokuwa tukitembea kwenda kituoni, tulikuwa tunafanya mazoezi. Nyumbani, ndani ya mlango wetu, niliitwa mama. Ukishavuka kizingiti, shangazi. Mwanzoni alikuwa anakosea kila mara. Anajikwaa, anaita mama. Anaona mjusi, anaita mama. Nikaona hapa tutaumbuka.

Nikaanza kumtega.

"Chiriku," namwambia njiani, nimesimama, nimekaza uso. "Sema ukweli. Mimi ni mama yako, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Umeshindwa! Nimekuambia, hata mimi mwenyewe nikikuambia mbele ya wageni kwamba mimi ni mama yako, usikubali. Ujue nakujaribu."

Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili nikaja na biskuti. Akijibu vizuri, nusu ya biskuti papo hapo kiganjani. Akikosea, hakuna.

Mtoto ana akili, jamani. Wiki mbili hazikuisha, hakuna aliyeweza kumnasa. Nikilia machozi ya uongo, nikimbembeleza, nikimwapia: "Chiriku mwanangu, sema ukweli, mimi ni mama yako!" Ananitazama, jicho linacheka, anasema: "Hapana. Wewe ni shangazi." Kisha anaweka kiganja.

Nilijiona mwalimu hodari. Nikawa nanunua biskuti kwa fahari.

*

Alhamisi nilikwenda kujiona.

Eneo la makaburi liko nyuma ya uwanja wa shule, ukipita tangi la maji. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya tuta moja lililokuwa limeota nyasi. Alishalisafisha, akamwaga zege, na sasa alikuwa anachora herufi kwenye saruji mbichi kwa ncha ya msumari.

"Aa, Mwandishi! Umekuja wakati mzuri. Hebu nisomee kama nimepatia. Wewe ndiye msomi."

Nikasoma. Majina yangu yote mawili, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha Chiriku. Baba Huruma alikuwa hana ujanja wa kubadilisha hapo. Mfadhili ana nakala ya cheti hicho.

"Umepatia," nikasema. 

"Bado tarehe ya kufa. Baba Huruma ameniambia niweke yoyote, miaka miwili nyuma. Lakini mimi sipendi kazi ya kubahatisha. Nichagulie siku nzuri."

Nikamtajia siku niliyotia saini ile fomu. Ndiyo siku niliyokufa, sikuona sababu ya kudanganya.

"Siku ya soko hiyo," akasema fundi, akichora. "Umejitahidi."

Mpishi wa kituo akatokea na ndoo. Ni mama mnene, mikono imekomaa kwa sufuria, na ulimi wake haujawahi kuchemshwa ukalainika. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji ya masizi. Fundi alitakiwa alipake jiwe ili lizeeke. Miaka miwili ya mvua na jua, ifike kabla ya Ijumaa.

"Kumbe na marehemu yupo," akasema Mpishi. "Pole kwa msiba wako, shoga."

"Dada, usinitanie."

"Nikutanie nini? Unajua hapo umelazwa juu ya nani?"

"Baba Huruma amesema hili tuta halina mwenyewe."

"Halina jiwe. Mwenyewe linaye." Akatua ndoo. "Unamjua yule bibi anayekuja getini kila muhula na mjukuu wake wa kike? Yule anayeambiwa nafasi zimejaa?"

Namjua. Nani asiyemjua? Anakuja na mtoto amempaka mafuta mpaka magotini, sare ya kuazima, penseli moja mkononi. Anaambiwa thelathini wametimia, arudi mwakani. Anashukuru. Anashukuru, mnasikia?

"Mama wa yule mtoto ndiye yuko hapo chini," akasema Mpishi. "Nafasi ya mtoto kachukua mwanao. Kaburi la mama umechukua wewe. Bado nini, mwenzangu? Sanda?"

Fundi akaangalia msumari wake. 

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia, na wewe unapika jikoni kwa nani? Mbona masizi umeleta? Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli ikisemwa na mtu mwenye ndoo ya masizi mkononi bado ni kweli.

Nikajiambia: Ijumaa moja tu. Mkunga ataweka maua yake, atapiga picha, ataondoka. Mwakani nitamtafuta yule bibi, nitamsaidia kuandika barua ya maombi, kwa mkono wa kulia. Mambo yatakaa sawa. Mimi ndivyo nilivyo. Hata nikizama, nawaza nitakavyoanika nguo.

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi, watoto wote thelathini walipangwa mstari mbele ya ofisi. Viatu vilikuwa vimevuliwa na kufungiwa stoo. Viatu vizuri, vililetwa na mfadhili mwingine mwaka jana. Baba Huruma ana kanuni yake: mgeni hapendi kumwona mtoto aliyekwisha kusaidiwa.

Wakaimba wimbo wa kushukuru. Baba Huruma aliuongoza kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, jasho la huruma likimtiririka.

Gari la kukodi likasimama. Akashuka bibi mfupi, mkavu, viatu vya kutembelea vimechakaa, mkoba mkubwa begani, na shada la maua amelikumbatia kama kichanga. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Nimewaona wageni wengi pale: wanaolia kabla ya kushuka garini, wanaokumbatia mtoto huku wakitafuta kamera iko upande gani. Huyu hakulia. Akasikiliza ubeti mmoja, akainua mkono.

"Wimbo mzuri. Nani amewasimamisha watoto juani?"

Baba Huruma akafumbua macho.

"Na mbona mko pekupeku? Hapa nimeona miiba tangu getini. Haya, wajukuu zangu, kivulini wote. Nani Chiriku?"

Chiriku akatoka kwenye mstari. "Mimi, bibi. Shikamoo. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka mitano. Namshukuru mfadhili wangu kwa sare, madaftari na chakula cha mchana."

Hakukosea hata silabi. Nilisikia fahari na aibu, zote kwa pamoja.

Bibi Mkunga akainama, akamshika mashavu, akamtazama macho, akamtazama ulimi, akampapasa mbavu. Mkunga ni mkunga. "Una afya," akasema, kama aliyeshangaa kidogo. Kisha akainuka. "Shangazi yake yuko wapi?"

Nikasogea. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia.

Mnajua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa hewani? Ilikaa. Watoto wote waliiona.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimekusoma."

Akafungua mkoba. Barua zangu zote zilikuwa humo, zimefungwa kwa utepe. Akatoa moja, akasoma kwa sauti, bila haraka: "'Shangazi hunipa makombo. Nikimtaja mama, shangazi hunifinya. Juzi alinifungia nje na mvua inanyesha. Sikulia kwa sababu mama aliniambia niwe na moyo.'" Akaikunja. "Ni kweli?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipojua maana ya kujipalia makaa.

Barua ile niliandika mimi. Meza ni yangu, penseli ni yangu, mkono wa kushoto ni wangu. Baba Huruma alikuwa ameniambia barua za Chiriku zinaonyesha mtoto aliyeridhika mno, na mfadhili wa mtoto aliyeridhika husinzia. "Tia chumvi," akasema. Nikatafuta mtu wa kumtia chumvi, mtu asiyeweza kulalamika, nikamwona shangazi. Nikamwaga kopo zima.

Ningesema nini? Ningesema si kweli, ningekuwa nimemwita mwanangu mwongo mbele ya watu. Ningesema aliyeandika ni mimi, kituo kingefungwa siku hiyohiyo.

"Ilikuwa zamani," nikasema. "Nimejirekebisha."

"Barua ni ya mwezi uliopita."

Nyuma yangu nilimsikia Mpishi akikohoa mlangoni mwa jiko. Alikuwa anameza kicheko.

"Nipelekeni kwa mama yake," akasema Bibi Mkunga. "Huyo ndiye niliyekuja kumsalimia."

*

Tukaenda wanne. Baba Huruma mbele, akifyeka nyasi kwa fimbo kama mtu anayepita pale kila wiki. Bibi Mkunga na maua yake, amemshika Chiriku mkono. Mimi nyuma, kama mtu aliyebeba mizigo.

Jiwe lilikuwa limetoka vizuri. Masizi yalikuwa yameingia kwenye herufi, nyasi zimerudishiwa kandokando. Hata mimi ningeamini nimekufa.

Bibi Mkunga akapiga magoti pole pole, akaweka maua. Akalaza kiganja juu ya jiwe.

Angalau mwenye kaburi alipata maua. Miaka yote hiyo hakuna aliyempelekea hata jani, na sasa alipelekewa shada zima kwa jina langu.

"Mwanangu," bibi akalisemesha jiwe. "Sikukujua. Lakini nimezalisha wanawake miaka thelathini na minne, na wote huniuliza jambo lilelile, mtoto mzima? Basi na wewe nakujibu. Mtoto wako mzima. Ana akili. Na kuanzia leo hatafinywa tena. Namchukua mimi."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Unamchukua vipi, bibi?" nikauliza.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Baba Huruma. "Hukumwambia?"

"Nilisubiri wakati muafaka," akasema Baba Huruma, akiitazama ncha ya fimbo yake.

Bibi akatoa karatasi kwenye mkoba. "Nina nyumba, sina mtu. Shule nzuri iko mkabala na dirisha langu. Nimeomba ulezi kamili, mkuu wa kituo ameshakubali, ameshatia saini. Imebaki saini ya ndugu." Ndipo akanitazama. "Nilikuja nimejiandaa kukubembeleza. Nilivyokuona, sibembelezi. Tia saini, uachane na mzigo."

Nikamtazama Baba Huruma. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana raha. Akanisogelea, akaninong'oneza, mdomo haufunguki:

"Ameahidi kuwajengea hawa ishirini na tisa bweni jipya. Bweni, Mwandishi. Na nafasi ya thelathini itabaki wazi, yule bibi wa getini alete mjukuu wake. Na wewe si unalilia siku zote mwanao asome? Shule nzuri anapata. Watoto wote wanapata. Anayekosa ni nani? Shangazi."

Nawaambia ukweli, hesabu ile ilikaa sawa. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mchafu aliniletea jambo safi, na ndani yake kila mtoto anapona isipokuwa mimi. Nilimdharau Baba Huruma kwa miaka miwili nikidhani mimi na yeye hatufanani. Pale kaburini nilisimama natafuta neno la kumpinga, nikakosa, kwa sababu kila neno nililokuwa nalo nilishaliuza.

Hapo ndipo Chiriku alipoanza kusoma.

Nimewaambia nilimfundisha kusoma mwenyewe. Sikuwa na kitabu. Nilichora ardhini kwa kijiti, na neno la kwanza nililomchorea ni jina langu. Ndilo neno la kwanza mwanangu aliloweza kulisoma duniani.

Alikuwa ameinama juu ya jiwe, kidole kikifuata herufi, midomo ikicheza. Silabi ya kwanza. Ya pili. Akafika mwisho. Akaendelea na jina la pili. Kisha kidole kikasimama.

Chiriku alinyamaza. Yule ambaye mdomo wake haupumziki.

Akaja kwangu, akanivuta nguo niiname. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaninong'oneza sikioni, pumzi yake ya moto:

"Wewe utaingia humo lini?"

Sikuweza tena.

"Siingii!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa mpaka ndege wakaruka. "Siingii humo. Mimi ni mama yako, na sijafa."

Baba Huruma akafumba macho. Bibi Mkunga akabaki ameshika karatasi.

"Bibi," nikamwambia, nikimkaribia, "mimi ndiye niliyemzaa. Jina hilo hapo ni langu. Hizo barua nimeandika mimi. Shangazi hayupo, hajawahi kuwepo. Nilitaka asome tu."

Bibi Mkunga alinitazama. Nikaona kitu kikipita machoni mwake, nikadhani ni imani. Nilikosea.

"Nimeona wanawake wa kila aina," akasema taratibu. "Nimeona waliomkana mtoto kitovu hakijakatwa. Nimeona wawili wakigombea kichanga kimoja. Lakini hii ni mara yangu ya kwanza kuona mtu akidai mtoto wa marehemu, amesimama juu ya kaburi lake, akimpokonya hadi jina."

"Ni kweli, bibi! Muulize Mpishi! Muulize fundi!"

"Amwulize nani tena?" Baba Huruma akadakia. Akili ilikuwa imemrudia. Uso ukajaa huruma, ile ya kila siku. "Msamehe, bibi. Ndivyo alivyo. Mpishi ni shoga yake, fundi wanajuana miaka mingi. Watasema lolote atakalo. Huyu akihisi msaada unaondoka, huwa mama, huwa bibi, huwa chochote. Sisi wakubwa tuna maslahi yetu. Lakini mtoto tunaye hapa. Kwa nini tusimwulize mtoto?"

Aliyasema hayo akinitazama mimi. Alijua. Mara ngapi alitukuta njiani asubuhi, akapunguza mwendo wa baiskeli yake na kucheka?

Bibi Mkunga akachuchumaa, akamfuta Chiriku machozi kwa kidole gumba.

"Mjukuu wangu, usiogope mtu. Hakuna wa kukufinya tena. Niambie. Huyu ni nani yako?"

Nikapiga magoti na mimi. Nyasi zilinichoma. Nikamshika mabega, nikamkazia macho, nikaweka ndani ya uso wangu ukweli wote nilionao.

"Chiriku mwanangu," nikasema, na machozi yakinitoka yenyewe. "Sema ukweli. Mimi ni mama yako, si ndiyo?"

Akanitazama. Akalitazama jiwe. Akanitazama tena, machozi yangu, uso wangu niliokaza.

Nikaona hofu ikimtoka usoni pole pole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Jicho likaanza kucheka. Ahaa! Kumbe hata kaburi ni la mchezo.

"Hapana," akasema Chiriku, sauti safi, kama nilivyomfundisha. "Wewe ni shangazi."

Bibi Mkunga akafungua kalamu, akaninyooshea bila neno.

Na mwanangu, amejaa fahari, akaninyooshea kiganja, akingoja nusu yake ya biskuti.